Mchumba wa Zuhura na Afande wa Kwenye Filamu

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, mtaa wote wa Usagara umetota, biashara hakuna. Sina hasira na sina furaha. Nimechoka tu, kama mtu aliyeshinda akibishana na mwenzake ambaye hakumjibu hata neno.

Mdogo wangu Zuhura ameletewa posa. Mposaji ni askari polisi, anaitwa Idrisa, kijana wa Moa, mpole, swala tano hazimpiti. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo walii ni mimi. Bila neno langu hakuna ndoa. Mshenga atarudi Ijumaa kuchukua jibu. Zuhura amesema anamtaka. Mama anamtaka kuliko Zuhura.

Asiyekuwa na neno ni mimi.

Anayenisoma hapa siku zote anajua kwa nini. Nilianza na ndoo mbili za machungwa pale stendi, leo nina Fuso moja, yangu mwenyewe, haina deni la mtu. Kila safari ya kutoka Muheza ina hesabu zake: mafuta, wapakizi, ushuru, dereva, na gharama nyingine ninayoiita "njia". Njia ni ile elfu kumi ya kumkunjia askari wa barabarani kiganjani ili gari lipite. Zidisha kwa safari tatu za wiki, kisha zidisha kwa miaka. Nilishawahi kuipiga hesabu hiyo. Fuso ya pili haipatikani, lakini injini ingepatikana. Sasa mtu wa kazi hiyo hiyo anataka kula pilau kwangu na kuniita shemeji.

Nikaja na akili yangu. Nikaenda duka la filamu, nikamwambia muuzaji anipe ya askari mla rushwa, chungu kabisa, isiyo na mwisho mwema. Nikamwalika Idrisa chakula cha mchana. Kwa desturi mposaji haji kukaa sebuleni kabla ya jibu, lakini aliyemwita ni mimi, mwenye nyumba. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: yeye atazame filamu, mimi nimtazame yeye.

Filamu ni ya ng'ambo, imetafsiriwa kwa Kiswahili, na mtafsiri, kama kawaida yao, amempa yule afande jina la Shabani. Mji wa baridi, kila kitu rangi ya majivu. Shabani anaanza vizuri. Analetewa kuku, anamrudisha. Halafu shemeji yake, kaka wa mkewe, anamwomba afumbe macho mara moja tu, gari lake lipite. Anafumba. Baada ya hapo ni kuteremka. Anachukua kwa wauza duka, anachukua kwa wezi, mwisho anamzika mtu porini kwa mikono yake na kurudi nyumbani kunywa supu. Hapigi kelele, hajuti. Anauliza chumvi iko wapi.

Mama anacheka utani wa mtafsiri. Zuhura amekaa mlangoni, kanga hadi kidevuni, hacheki.

Idrisa amelala.

Alitoka lindo asubuhi, akashiba wali kwa samaki wa nazi, kichwa kikaegemea ukuta. Kwenye kioo askari watatu wanagawana fedha, yeye anakoroma. Kipimo changu chote kikaishia hapo.

Ndipo simu ikaita. Shekue, dereva wangu.

"Bosi, nimeshikwa. Tairi la nyuma. Wanasema kipara."

"Kwani ni kipara?"

"Bosi, na wewe si unalijua?"

"Basi ongea nao vizuri."

"Leo hawaongei. Yupo mkubwa wao."

Idrisa akafumbua macho. Akauliza kuna nini. Kabla sijafungua mdomo mama akamdaka: "Gari la kaka yako limeshikwa, mwanangu. Hebu sema nao, si wenzio hao?"

Simu ikawa imeshafika mbele yake. Si mama aliyempa. Mkono ulionyoosha simu ulikuwa wangu.

Akamwambia Shekue ampe afande aliye naye. Akajitambulisha kwa jina, akasema yuko nyumbani kwa mwenye gari. Akauliza kosa. Akasikiliza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Basi mwandikie, afande. Na lisiondoke na tairi hilo. Abadilishe hapo hapo."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Samahani, kaka. Kwa mvua hii, tairi kipara, Shekue angeweza kufa." Akaomba maji ya kutawadha, akaswali alasiri, akaaga.

Tairi la akiba lilikuwa garini, nilikuwa nalibania. Shekue akalifunga kwenye tope, akaandikiwa faini elfu thelathini, machungwa yakafika Pongwe mteja ameshafunga.

Idrisa hajapita hata nyumba ya tatu, mama akaanza. "Askari gani huyu, hawafai hata wakwe zake? Si bora angekuwa mwalimu! Zuhura, huyo atakulisha mchicha mpaka uzeeni."

"Mchicha najua kuupika, mama."

"Utajua na kuuchoka!"

Mimi nilikuwa upande wa mama. Nilikasirika kweli. Miaka yote nawalaumu wanaochukua, leo nimemwona asiyetoa wala kuchukua, nikamwona hana adabu. Faini thelathini, toa kumi ya njia, ni ishirini. Kwa elfu ishirini nilikuwa tayari kumkatalia dada yangu mume.

Zuhura alinikuta uani nikiangalia mvua. Hakulia, hakubembeleza. Akauliza tu: "Kaka, ulimwita umpime. Angewaambia wamwachie Shekue, ungeniozesha?"

Nikarudi ndani.

Ningemwozesha. Ningemwita Idrisa shemeji wa maana, ningempigia mshenga jioni ile ile, na moyo wangu ungekuwa mweupe.

Baada ya magharibi nikamalizia filamu peke yangu. Shabani hakamatwi. Anapandishwa cheo. Picha ya mwisho amekaa mezani na yule shemeji yake, wote wamenenepa, wanakula, hakuna anayesema. Hata mtafsiri aliishiwa na utani. Kitu kimoja nilikigundua: tangu mwanzo hadi mwisho hakuna aliyemuuliza yule shemeji chochote. Gari lake lilipita, basi.

Simu moja si ushahidi, hilo nalijua. Labda Idrisa alijua anatazamwa. Shabani naye alirudisha kuku. Lakini nikihesabu watu watakaomwomba Idrisa afumbe macho, wa kwanza si jambazi. Wa kwanza ni mama, ameshaomba leo. Wa pili ni mimi.

Nimempigia mshenga. Nimemwambia asingoje Ijumaa, jibu ni ndiyo, na mahari ataitaja Zuhura mwenyewe. Mama alisikia kutoka chumbani. Hajatoka kunipa mkono.

Sharti nimeliweka, si kwa Idrisa. Ni kwangu: habari za barabarani zisimfikie. Nimelitamka mara mbili nikiwa peke yangu, na kulitamka ni rahisi sana. Najiuliza siku gari litakaposhikwa tena, mzigo unaoza, mteja anafunga, na shemeji amekaa hatua mbili kutoka nilipo, mkono wangu utatulia?

Sijui. Asubuhi nanunua matairi mawili ya nyuma.