Kompyuta Iliyosahau Mwendo

Kanduyi, Jumanne, Agosti 2007

Ni mimi niliyekubali. Barasa, ndugu ya mume wangu Wafula, aliwasha ile kompyuta ya marehemu akaniambia, "Shemeji, Wafula alikuwa anaisukuma prosesa kupita kiasi awashinde wale wa Kitale kwenye mashindano ya kasi ya kompyuta. Itaungua bana. Tutoe kabetri ka ndani kanakotunza mipangilio na saa, isahau mwendo huo."

Akaizima, akakatoa, akaiwasha tena; ikasahau. Feni iliyokuwa inanguruma kama mashine ya kusaga posho ikanyamaza.

Nekesa, binti yetu mdogo, aliyezoea kusikia mngurumo huo baba yake akiwapo, akatoka jikoni mbio. "Mama, si Baba alikuwa hapa? Ameenda wapi?" Nikamwambia amalize uji. Nilikuwa mkali, najua.

Skrini ikaandika tarehe moja Januari 2002. Mwaka huo Wafula alikuwa hai.

"Weka ya leo," Barasa akasema. Nilimkatalia.

Bado inawaka. Naogopa kuizima, mwaka huo usije ukapotea.