Nyumba Waliyoiruka

Jumapili

Eti "tutamwombea tukiwa huku." Ndivyo Mama Njoki, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alivyoandika kwenye grupu leo saa nane, baada ya kuhamishia sala ya leo nyumbani kwake, mjini Katy, bila hata kuniuliza.

Nora ana miaka tisini, na mimi ndiye ninayemtunza hapa Missouri City. Nilipomwambia kwamba tunasali nyumba kwa nyumba, kwa zamu, alilia. Kwenye parokia yao mashambani Ireland, padri alikuwa akisomea misa majumbani vivyo hivyo, na zamu ikikufikia unapaka chokaa hadi banda la ng'ombe. Akataka naye apewe zamu. Nikamwahidi, nikaandika kwenye grupu kwamba leo ni zamu ya hapa kwake. Ningeuliza kwanza, lakini nani angefikiri...

Jana alinifanya nipake sebule nzima rangi. Leo ametoa vikombe vya marehemu mama yake, akavipanga mezani mwenyewe.

Nikampigia Mama Njoki. "Dada, huyo si wetu," akasema. "Hata Kiswahili hajui."

Si wetu! Na yeye mwenyewe alibatizwa na padri kutoka Ireland, tena hujigamba kwa hilo kila Krismasi! Nilimkatia simu.

Lakini Nora hakukasirika. Nilipomwambia hawaji na kuanza kurudisha vikombe kabatini, alinishika mkono. "Kwetu," alisema, "nyumba ilirukwa pale tu watu wake walipofanya jambo la aibu. Hawa wenzako wamesikia nini kunihusu?"