Shamba la Bibi na Idhini ya Wanawake Watatu

Badjanani,
Moroni, Ngazidja.
9 Machi 1984

Mpendwa dada Djaouharia,

Assalaam aleikum. U hali gani, na shemeji Maoulida je? Kifua chake kimepoa? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mama mdogo Oumi goti linamsumbua kila mvua inaponyesha, na mwaka huu mvua haikatiki.

Habari za shamba la bibi umezisikia nusu, nami nataka uzipate nzima. Wewe umezaliwa Unguja, huenda hukuambiwa: shamba lile ni manyahuli, mali ya ukoo inayotoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanamume hulisimamia tu. Mama zetu wametangulia, na mabinti zetu zamu yao haijafika, kwa hiyo wenyewe tumebaki watatu: Oumi, mimi na wewe.

Mwaka juzi mjomba Youssouf aliliuza bila kutuambia. Alitaka kufanya harusi kubwa, ile ya kulisha mji mzima, maana hapa Ngazidja mtu wa umri wake asiyeifanya bado huitwa mtoto, na mbele ya wenzake hapewi nafasi ya kusema. Mnunuzi ni Idarousse, mfanyabiashara wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, anayewauzia nyama wale askari wa kizungu wa kukodiwa wanaomlinda rais. Tulipojua, kuta za ghala lake zilikuwa zimefika kiunoni. Oumi akachukua sufuria yake ya wali, akaenda kuketi juu ya mchanga wa mafundi, akala huko. Kesho yake pia. Mafundi wakaona haya, wakaacha kazi.

Kadhi alitupa haki, lakini Idarousse akakata rufaa, akasema ana hati ya serikali. Watu wakatuonya: nani atathubutu kumhukumu rafiki wa wenye bunduki? Siku ya hukumu mzungu mmoja alikuja kweli, akakaa benchi la nyuma. Jaji akasoma: msimamizi si mwenye mali, hawezi kuuza bila idhini ya wanawake wote wa ukoo; hati imebatilika; mnunuzi achukue mawe yake. Sote tukageuka kumtazama mzungu. Alikuwa amesinzia.

Idarousse sikumchukia. Tulipotoka nje alituambia, "Hata kwetu nyumba ni ya binti. Mjomba wenu aliniapia kwamba mmekubali."

Nilidhani tutafurahi. Lakini mjomba alihama kwa aibu, akaenda kujificha huko huko Mutsamudu, na Oumi akawa hali wala hacheki. Mwezi uliopita nikampeleka. Tulishuka uwanja wa ndege wa Ouani, tukamkuta Youssouf katika chumba cha kupanga, amekonda, kanzu inampwaya.

"Mmekuja kunicheka?" akauliza.

"Nimekuja kukuchukua," Oumi akasema.

"Nirudi kama nani?"

"Kama kaka yangu. Rahmati ana binti wa kuozwa. Nani atakaa mahali pa mjomba?"

Alilia, dada, mtu mzima yule. Tukarudi naye. Sasa anakaa chumba cha uani kwa Oumi, hatoki ila kwenda msikitini.

Oumi anataka tumpe pembe ya juu ya shamba ajenge, akae maisha yake yote, asiwe na haki ya kuuza. Mwanzoni nilikataa. Nimewaza sana. Akijenga pale, kila apitaye atajua kwamba anaishi kwa hisani ya wanawake aliotaka kuwanyang'anya. Labda hiyo ni adhabu, labda ni huruma. Mimi nimeshindwa kuvitenganisha. Nimekubali.

Lakini hukumu imesema wanawake wote, na hapatawekwa jiwe hata moja kabla hujasema. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu. Mjomba mwenyewe ameniomba nikuandikie hivi: "Mwambie Djaouharia mara ya kwanza sikumwuliza. Sasa namwuliza."

Nisalimie shemeji, umbusu mtoto Zalifa, na shangazi Saandia umwambie mkeka wake umefika. Mungu awape afya na riziki ya halali, na atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye,
Rahmati