Meko ya Bi Zuwena

Al Khuwair, Ijumaa mchana

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi ya Molo? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila moyo umekataa kutulia, ndiyo maana nakuandikia wenzangu wakiwa wamelala.

Ulinicheka kwamba ujuzi wa kukarabati meko za wazungu hautanifaa Arabuni. Basi cheka tena. Nimepata nyumba ya zamani huko Hail, hapa hapa Maskati, yenye meko ya ukutani ya chuma cha kusubu. Aliileta kwa meli marehemu bwana wa nyumba, aliyesomea Ulaya. Mjane wake, Bi Zuwena, ni Mwomani aliyezaliwa Unguja. Hunilisha mkate wa kumimina hadi nashindwa kuinama. Nimesugua kutu kwa brashi ya waya, nikaunga mguu uliovunjika, nikapaka weusi mpaka maua ya chuma yakaonekana upya. Alipoiona alilia. Nami nikavimba kichwa, sikufichi.

Juzi nikapanda juu ya paa kusafisha dohani, bomba la kutolea moshi. Hakuna tundu, Mama. Mwana wa Bibi aliliziba kwa saruji, njiwa wasiingie. Na madirisha yamebanwa kwa mpira kwa ajili ya kiyoyozi, hata vumbi halipiti. Nikamwambia mudiri wetu, msimamizi wa kazi. Akasema, "Khalas, sisi kutu na rangi. Dohani si kazi yetu." Mwanawe naye akacheka: hilo ni pambo tu, nani awashe moto Maskati?

Lakini Bibi mwenyewe aliniambia anataka kutia makaa humo, afukize udi wa Ijumaa na kuota moto. Nikamweleza habari za jirani yetu aliyeingiza jiko la makaa chumbani, akalala na wanawe wasiamke. Akanipigapiga bega.

"Mwanangu, mie nafukiza udi toka sijavunja ungo. Makaa yasokuwa na moshi yana dhara gani?"

Hilo ndilo linaloniogopesha. Moshi angeukimbia; sumu ya makaa haionekani wala hainuki. Tena chetezo hutiwa kaa moja au mawili, lakini meko ile inameza karai zima, na ni mimi niliyeifanya ipendeze.

Mama, nilikuwa nimefika hapa simu ikalia. Ni sauti ya Bibi, amejirekodi. Mwanawe kasafiri. Yeye na binti anayemtunza wamefunga mlango, udi usitoke. "Moto umekolea, mwanangu, Mungu akubariki mikono. Kichwa kizito kidogo, nna usingizi mtamu."

Nimempigia, hapokei. Nimewaita watu wa dharura, nimeita na teksi. Naandika nimesimama mlangoni nikiisubiri.

Msalimie Baba, na kaka yangu mkubwa na mkewe. Shangazi aliye kanisani mwambieni apige magoti sasa hivi, asingoje Jumapili. Amtaje Zuwena kwa jina.

Teksi hiyo. Nimepiga tena, inaita tu.

Mwanao,
Kamau