Kwa Nini Nimegombana na Watu wa Banda la Video

Nyakato, Musoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku ziwani, nikiamini miguu imepungua kuuma na baridi ya mwaka huu haijakufungia ndani kama ya mwaka jana. Viazi vimetoka vizuri? Na yule ndama aliyekuwa anakataa kunyonya, amekubali? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kazini naenda. Nilichopungukiwa ni uvumilivu tu.

Najua simu siku hizi huisikii vizuri. Nikikuuliza umekula nini unaniitikia "eeh". Ndiyo maana nimeona niandike, mdogo wangu Faraja akusomee taratibu. Ameniambia umepata habari kwamba nimegombana na mtaa mzima kwa sababu ya video, na kwamba umeuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyosomeshwa. Mama, naomba unisikilize mpaka mwisho. Nimechoka kueleweka nusu nusu.

Nilipofika Musoma sikuwa na mtu. Majirani ni watu wema, lakini wakishakusalimia kwa Kiswahili wanarudi kwenye Kijita chao au Kikurya chao, na wewe unabaki umesimama na ndoo yako. Jumamosi ya tatu nikasikia watu wakicheka ndani ya jengo la mabati nyuma ya soko, nikaingia. Lilikuwa banda la video la Mzee Mafuru. Mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, ukuta wa mbele umepakwa chokaa, na juu projekta imefungwa kwa waya. Mlangoni alikaa mkewe, Mama Nyanjura, akipokea kiingilio na kuuza karanga. Pembeni ya picha alisimama mwanaume mwembamba wa makamo, jina lake Majura, ameshika maiki. Yeye ndiye mtafsiri.

Mama, huyo Majura si mtu wa kawaida. Filamu ya Wahindi anaitafsiri kana kwamba mambo yanatokea Mugango, kijiji cha hapa jirani. "Huyu baba anasema, ng'ombe zenu rudisheni, binti simtoi!" Na watu wanamjibu! Wanabishana na picha, wanabishana na Majura, wanabishana wenyewe kwa wenyewe. Wanawake tulikuwa na benchi letu upande wa kushoto, na Mama Nyanjura alinitunzia nafasi. Ukweli ni kwamba watu wa huku niliwajua gizani kwanza, kwa sauti, kabla sijawajua kwa sura.

Ikaja korona. Mimi ni afisa afya wa kata, na agizo lilipokuja kwamba mabanda ya video yafungwe, nani mwingine wa kwenda kuyafunga? Sokoni watu wamejaa, kanisani wamejaa, mwaloni wanakopokelea dagaa wamebanana bega kwa bega, lakini mimi nimepewa mabanda. Nilikwenda na mtendaji wa kata na mgambo wawili. Mzee Mafuru alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniletea kufuli lake mwenyewe.

"Funga wewe," akasema. "Mimi hii banda yangu nilikuwaga nafungua tu. Kuifunga sijui."

Nikafunga mama, na Mama Nyanjura amesimama na sinia lake la karanga ananitazama.

Unafikiri waliacha? Wiki ya pili nikawakuta wamehamishia picha kwenye ukuta wa nje, kila mtu na kigoda chake, na Majura kavaa barakoa kidevuni anatafsiri. Nikawatawanya. Wiki ya tatu wakasema ni mkutano wa familia. Familia ya watu arobaini! Nikawatawanya tena. Nyumbani nikawa nalia kwa hasira, kwa sababu na mimi nilitaka kujua ile filamu iliishaje.

Halafu Mama Nyanjura akaugua. Kifua kilimbana siku nne tu. Banda lilikuwa limeshafungwa mwezi mzima, kwa hiyo hakuupatia humo, labda sokoni, labda kwenye msiba, Mungu anajua. Tulimzika tukiwa watu wachache, tumesimama mbalimbali. Nilipompa Mzee Mafuru pole alinishika mkono, akaniambia polepole, "Afisa, ulifunga mlango wangu. Ugonjwa ukapita mlango mwingine."

Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Ruhusa ya kufungua ilipotoka, nilisubiri mwezi mmoja kwa heshima ya msiba, kisha Jumamosi nikavaa vizuri nikaenda. Mlangoni sasa alikaa mzee mwenyewe. Akakataa kiingilio changu: afisa halipi. Nikamwambia sikuja kazini. Akasema afisa ni afisa. Nikaingia. Benchi letu lote likahama, mama. Wanawake wale wale niliokula nao karanga wakasogea upande wa pili, nikabaki peke yangu kwenye benchi la watu sita. Na Majura akanyamazisha filamu, akasema kwenye maiki, "Wapendwa watazamaji, Bibi Afya ameingia. Tukae mita mita."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikidhani yameisha.

Hayakuisha. Tangu siku hiyo kila filamu ikawa na mimi ndani. Akitokea jambazi, Majura anatafsiri, "Huyu anasema, nyie wote mikono juu, nikague kama mmenawa!" Akitokea mchawi, "Huyu bibi ametoka halmashauri." Hata fisi kwenye filamu ya wanyama alipewa cheo changu. Miaka imepita, watu wameshasahau barakoa waliweka wapi, lakini utani ule Majura hakuusahau. Nilimfuata siku moja nikamwambia utani una kiasi chake. Akanijibu, "Bibi Afya, watu wamepungua. Sasa hivi kila mtu ana filamu kwenye simu. Hao wachache wanakujaga kwa ajili ya kukucheka wewe. Nikiacha, tunafunga." Sasa mtu kama huyo unamfanya nini?

Kuna siku nilikwenda Bunda kwenye semina, na tulipomaliza saa tisa nikaona bango la banda la video. Nikasema leo nitatazama kama binadamu wengine. Hakuna aliyenijua. Nililipa, nikakaa katikati ya watu, viti vya plastiki visafi. Lakini tafsiri ilikuwa ya kurekodiwa, sauti inatoka kwenye spika, na watu wako kimya, nusu yao wameinamia simu zao. Nilikaa kwa amani, na amani yenyewe ikanichosha. Nilitoka kabla filamu haijaisha. Nilijikasirikia njia nzima mpaka Musoma.

Sasa nafika kwenye ugomvi wenyewe.

Mvua za mwaka huu zimebomoa choo cha banda. Ukuta umelala, shimo limejaa. Na mwezi uliopita ndio ulikuwa mwezi wa ukaguzi, ambapo kila sehemu inayokusanya watu lazima niisaini. Faraja, hapa usiruke, msomee mama. Mimi siwezi kusaini jengo lisilo na choo. Watu wanajisaidia nyuma ya mawe, maji yanateremka yote kwenye visima vya chini. Tumeshaugua kipindupindu hapa, na ugonjwa huo nao hauna utani. Nikamwambia Mzee Mafuru: chimba choo, nakupa wiki mbili, bila hivyo siwezi kusaini.

"Mara ya pili," akasema. Basi.

Kesho yake nilikuwa gumzo la mtaa. Nikienda kununua nyanya muuzaji ananiuliza na genge lake nitalifunga lini. Majura akaja mpaka ofisini, akasimama mlangoni, safari hii bila utani.

"Wewe ulikuwaga mtu wetu," akasema. "Mama Nyanjura alikuwa anakuwekea nafasi mpaka watu wanalalamika. Hii banda ikifungwa, mzee atakaa wapi na nani? Nyumbani kwake hamna mtu."

Hapo mama nikashindwa kujizuia. Nilipiga kelele, na hiyo ndiyo sauti iliyofika mpaka huko kwetu Makete. Nilimwambia: "Unafikiri mimi nalipenda kufuli? Unafikiri nina mahali pengine pa kwenda Jumamosi? Nimetukanwa na kila jambazi kwenye kila filamu, na bado nakuja, nakaa peke yangu kwenye benchi! Mlishajiuliza kwa nini nakuja?" Mtendaji akachungulia. Nikamalizia, "Saini sitoi. Lakini Jumamosi nakuja na sururu."

Majura akageuka. Akaondoka.

Jumamosi nikaenda kweli, nimevaa magwanda ya shamba yale uliyonishonea. Nilimkuta Mzee Mafuru ameketi, haamini. Nikaanza kuchimba peke yangu. Baada ya nusu saa nikasikia sururu nyingine nyuma yangu. Ni Majura, amevua shati. Wakaja na wengine, kwanza kutazama, halafu kwa aibu wakashika makoleo. Na tulipofika usawa wa kiuno, sururu ikalia kama kengele. Mwamba! Musoma yote imekaa juu ya jiwe, mama. Tukajaribu kushoto, mwamba. Kulia, mwamba. Nilikaa chini kwenye udongo nikacheka kwa uchungu, maana hata ardhi ilikuwa imenigomea.

"Basi," akasema Mzee Mafuru. "Tumejaribu."

Nikamwambia hatujajaribu chochote. Kama chini hapachimbiki, choo kinajengwa kwenda juu. Tulifundishwa chuoni: unainua kuta za shimo juu ya ardhi kwa mawe na saruji, unasakafia ndani vizuri maji yasipenye, unaweka ngazi, unajenga chumba juu yake. Nikawachorea kwa kijiti chini. Wakaniangalia kama nimetafsiri filamu ya Kichina. Kulikuwa na fundi wa Butiama anayejenga nyumba jirani, akaja akautazama mchoro, akasema, "Hii ni kweli. Mimi nimejengaga hii kwetu." Wakamwamini yeye dakika moja, mimi niliyesomea miaka mitatu hapana! Haya. Mawe yapo bure kila mahali, watu wakabeba. Ilichukua Jumamosi tatu. Mikono yangu ilichubuka mpaka nikawa nashika kalamu kwa vidole viwili. Fundi alipomaliza nilikagua kila kona kama vile sikushiriki, nikamrudisha apige lipu upya upande mmoja, wakanung'unika, akapiga. Nikasaini.

Jumamosi iliyopita banda lilifunguliwa. Usifikiri watu walifurika. Tulikuwa kumi na mmoja. Mzee Mafuru alipokea kiingilio changu, akakitia mfukoni, na mimi nilikipa thamani kuliko pole zote nilizowahi kupewa. Nilikwenda kwenye benchi la kushoto. Mwanamke mmoja akasogeza kanga yake nikakaa.

Filamu ilikuwa ya familia moja ya wakulima, mama yao anaumwa, watoto wametawanyika mijini wanatafutwa. Majura alikuwa katika siku yake nzuri, hata wale wenye simu walizizima. Na yule mama wa kwenye filamu akiwa amelala hospitali, mtoto wa kwanza yuko njiani, umeme ukakatika. Mchana kweupe, saa kumi, giza humo ndani. Nilitamani kulia, mama. Miaka yote hii, kufuli, korona, mwamba, na sasa umeme!

Nilisubiri watu wasimame. Hawakusimama. Majura akakohoa, akaweka maiki chini, akaendelea kwa sauti yake tu. "Sasa huyu mtoto wa kwanza amepanda basi. Basi limeharibika. Anashuka, anatembea kwa miguu." Akasimulia mvua, akasimulia mto uliojaa. Watu wakaanza kumbishia kama zamani: kwa nini hakuomba lifti, kwa nini hakupiga simu. Na mimi nikapaza sauti nikasema viatu vile alivyovaa kwenye picha havifai kwa safari hiyo, na hakuna aliyecheka kwa sababu ni mimi. Mtu mmoja alinijibu tu, "Kweli, viatu vile hapana."

Kutoka mlangoni, mahali alipokaa siku zote bila kutazama, Mzee Mafuru akauliza, "Na huyo mama, anaponaga?"

Majura akageukia mlangoni.

"Anapona, mzee," akasema. "Mtoto anafika, anamkuta amekaa kitandani anadai uji."

"Eeh," akasema mzee. "Vizuri."

Tulipotoka nje nikamvuta Majura pembeni, nikamuuliza kwa siri kama kweli anapona. Akajifuta jasho. "Bibi Afya, hata mimi sijui. Hiyo filamu sijawahi kuifikisha mwisho. Umeme wetu si unaujua."

Basi mama, huo ndio ugomvi wangu na watu wa Musoma. Ukiona bado ni aibu, nitakuja likizo unigombeze uso kwa uso. Nisalimie baba mdogo anayetulindia kondoo, shangazi wa kwenye duka la juu, mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kusoma noti, na mjomba ambaye bado anasema huku tunakula samaki asubuhi. Mwambie ni kweli. Faraja nimemtumia vitenge viwili kwa mtu anayekuja huko, chagua wewe kwanza.

Kaa karibu na moto, na usinyanyue ndoo.

Ni mimi mwanao niliyechubuka mikono,
Upendo