Mama Sofia na Maombi Yangu ya Jumapili

Kindu, Mikelenge
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Glodi,

Amani ya Bwana ikukute wewe na mke wako Douce huko Lubumbashi. Kifua chako kimepona kweli, au unanificha tu? Kila ukikohoa kwenye simu, nakosa raha siku nzima. Sisi hapa tuko wazima. Mvua zimeanza vizuri, na kaka yetu Ilunga amemaliza kuezeka upya nyumba ya baba.

Ningekupigia simu, lakini haya ninayotaka kukueleza, nikiyasema kwa mdomo nitalia kabla sijayamaliza. Ndiyo maana nimempa barua hii Barnabé, yule mwenye duka, anayesafiri kuja huko.

Mwezi wa saba redio ilitangaza kwamba watu wenye silaha wamevamia kanisa, mbali huko kaskazini, wakawaua watu waliokuwa wakisali. Habari hiyo ilituumiza sana. Jumapili iliyofuata zamu ya maombi ilikuwa yangu. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikaomba: «Bwana, utulinde na hao wanaoua kwa jina la dini yao, hata wale tunaokaa nao ua mmoja.» Kila mtu alijua ninawasema majirani zetu Waislamu. Waliitikia amina kwa nguvu, nami nikarudi kuketi nikijiona nimeomba vizuri.

Juma lile lile kina mama wa chumba cha kushona, pale nyuma ya kanisa, wakakata shauri kwamba wasichana wa Kiislamu wasiingie tena. Ufunguo ninao mimi. Salima, mjukuu wa mama Sofia jirani yetu, alikuja asubuhi na kitambaa chake kwapani. Nikamwambia pale mlangoni angoje kwanza mambo yatulie. Akageuka akarudi kwao. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu apate cheti cha ushonaji.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama alikuficha mpaka akafa.

Wewe ulizaliwa mwaka 2002, mji ukiwa umezingirwa na wapiganaji. Treni haikufika, mashambani hakukuendeka, hata sombe, majani tu ya muhogo, ilikuwa shida kuipata. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ya tatu baada ya kukuzaa mama alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Tulikupa maji ya mchele kwa kijiko, ukayatapika. Siku ya tano hukuwa tena na nguvu ya kulia. Baba alikuwa ameanza kutafuta mbao za sanduku.

Mama Sofia alikuwa akimnyonyesha Asumani wake. Alipoona hasikii tena kilio chako, aliingia kwetu bila kubisha hodi. «Leta mutoto,» alisema, akaketi juu ya mkeka. Ulinyonya mpaka ukasinzia. Alikunyonyesha miezi saba, Asumani upande mmoja na wewe upande mwingine, naye mwenyewe anakula muhogo mara moja kwa siku.

Vita ilipotulia, watu wa kanisa walianza kunong'ona juu ya mtoto wa shemasi aliyenyonya kwa Waislamu. Baba aliona haya. Basi tukasema ulilelewa kwa maziwa ya unga ya misioni, nawe ukakua ukiamini hivyo. Mama Sofia aliusikia uongo wetu, akanyamaza. Na mimi niliyajua yote hayo, Glodi, siku ile niliposimama kuomba.

Majuma matatu nilimkwepa. Halafu nikaenda. Nilimkuta anapepeta mchele, nikapiga magoti nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

«Nilisikia maombi yako,» alisema. «Madirisha ya kanisa iko wazi. Nikajiuliza, Musau anamuomba Mungu amulinde na mimi?»

Aliniinua, akanipa maji ya kunywa, akasema amenisamehe. Nikamsihi Salima arudi kushona, mimi mwenyewe nitamfungulia mlango.

«Salima haiko hapa. Alienda Kalima kwa mujomba wake. Anaosha muchanga ya madini kwenye mutoni.»

Jumapili iliyofuata nilisimama tena nikalieleza kanisa ukweli wote, pamoja na uongo wetu wa maziwa ya unga. Wengine walilia, wengine walinung'unika kwamba nimewaaibisha wazazi wetu kaburini. Chumba cha kushona sasa kiko wazi kwa wote, lakini hakuna msichana hata mmoja wa Kiislamu aliyerudi. Salima nimemtumia ujumbe mara mbili, hajanijibu. Simlaumu. Ninasoma Biblia kila asubuhi, na bado nilisahau jirani yangu ni nani.

Nisamehe na wewe kwa kukuficha. Siku ile nilipokuwa naaga, mama Sofia aliniuliza jambo moja tu: «Na ule mutoto yangu wa Lubumbashi, anaendelea namna gani?» Nikamwonyesha picha yako kwenye simu.

Ilunga anakusalimu, na mke wake Falonne, na shangazi Jeanine ambaye miguu inamsumbua siku hizi. Utusalimie Douce.

Namba ya Asumani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Piga, yeye atampa mama yake simu. Kwa desturi yao, mtoto ambaye mwanamke amemnyonyesha ni wake kabisa. Akikuita mutoto yake, itika.

Bwana awatunze mkilala na mkiamka.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa akupendaye,
Musau