Fomu ya Nishani Nimeijaza kwa Icyivugo

Mama Kirezi, mshauri wetu, mimi ni msikilizaji wako wa siku nyingi hapa Kagarama, naomba unitatulie jambo langu na naomba sana usinicheke, maana wewe ukicheka redioni Kigali nzima inacheka.

Naitwa Mutsinzi, nina miaka sitini na saba na meno yangu yote ninayo, shule niliishia darasa la tatu kule Karagwe tulikokuwa wakimbizi lakini katika hilo darasa la tatu nilikuwa wa kwanza, kwa hiyo ukiona herufi zimelala ujue ni miwani, si kichwa. Nilikuwa askari katika vita vya kurudi nyumbani, hilo hakuna wa kulibishia, karatasi za jeshi ninazo sandukuni.

Sasa chama chetu cha wazee tuliotoka jeshini kimeamua kutoa nishani kwa wale waliokuwa mstari wa mbele kabisa, sherehe ni mwisho wa mwezi kwenye ukumbi wa hoteli moja kule Kiyovu, mke wangu Médiatrice ameshashonesha mushanana wa rangi ya dhahabu, watoto wameomba ruhusa kazini, na mimi mwenyewe nimeshatoboa koti pale nishani itakapokaa ili siku hiyo wasihangaike. Tukapewa fomu, ina ukurasa mtupu umeandikwa juu, Eleza matendo yako vitani. Wenzangu wakaandika mistari mitano mitano kama mtu anayetuma dukani, mimi nikajiuliza, mwanamume wa Kinyarwanda akiulizwa matendo yake ya vita anajibu kwa kitu gani, si kwa icyivugo, majigambo yake aliyojitungia mwenyewe? Na changu kinajulikana, nimekitoa kwenye harusi za hapa Kagarama tangu hawa wanaooana leo hawajazaliwa, watu wanaacha soda zao wanasimama. Basi nikakiandika chote, Mimi ni Mutsinzi asiyegeuka, radi ya Byumba, mnywa mito, ukurasa ukajaa nikaongeza karatasi tatu.

Juzi akanipigia simu katibu wa chama, binti mmoja anaitwa Trinah, amekulia Kampala, mpole, lakini maswali yake ni sindano.

"Mzee Mutsinzi, hapa unasema asubuhi hiyo ulikuwa kilima cha kulia, na asubuhi hiyo hiyo ukawa kilima cha kushoto."

Nikamwambia, "Binti yangu, sisi tulikuwa na miguu."

"Na huu mto ulioukausha kwa kuunywa jeshi likapita?"

"Ilikuwa kiangazi. Ulikuwa mdogo."

"Na bunduki kubwa tisa zilizonyamaza ziliposikia jina lako, nani alizihesabu?"

"Nilizihesabu mimi, nani mwingine alikuwa na nafasi?"

Akacheka weee, halafu akaacha kucheka, akasema mzee, icyivugo chako ni kizuri, nimewasomea ofisi nzima, lakini kamati haiwezi kukigongea muhuri. Akaniambia nipeleke karatasi nyingine Ijumaa, kweli tupu, niisaini mimi, na shahidi mmoja aliyekuwa pale aisaini, na atakayesaini uongo anafutwa kabisa kwenye chama. Akanisomea na sharti lenyewe, nikamwambia soma polepole, nikaliandika: anastahili aliyekuwa akifanya kazi aliyopewa na jeshi, mahali adui alipokuwa akimpiga risasi, na mwenzake akamwona.

Hapo ndipo penye shida, Mama Kirezi, na hili sijamwambia mtu, hata padri. Mimi nilikuwa mpishi.

Nyumbani hawajui. Si kwamba nilikaa nikapanga uongo, ni icyivugo kilikuwa kinakua chenyewe, harusi hii mstari mmoja, harusi ile miwili, mpaka siku moja nikaona hakina mahali pa kuweka jiko. Kwa hiyo jikoni kwangu siingii, naishia mlangoni, nikinusa tu namwambia Médiatrice punguza moto, hayo maharage bado robo saa, narudi kukaa.

Hapa Kigali anayejua ni mmoja tu, Gratien Kubwimana, yeye alitokea Burundi, leo ni fundi wa vitanda pale Agakiriro, Gisozi. Tulikuwa kikosi kimoja, na tangu siku hizo ananiita Afande Sufuria, nikimwona ng'ambo ya barabara nageukia ukuta kama mtu anayesoma tangazo. Mwaka jana harusini niko katikati ya icyivugo, mkuki juu, akasimama kule nyuma akauliza, "Na chumvi, Mutsinzi, ilitosha?" Watu wakaangua kicheko bila kujua wanacheka nini, Médiatrice akaniuliza chumvi gani hiyo, nikamwambia siri ya jeshi.

Chumvi yenyewe ni hivi. Walikuwa watu kumi na mmoja kwenye handaki juu ya kilima kule Byumba, mvua siku tatu, hawajatia kitu mdomoni, na njia ya kuwafikia ni mteremko mtupu usio na hata kichaka. Afande akaniambia, mpishi, ukiweza wapelekee sasa, usipoweza ngoja giza. Mimi nilikuwa nimeshapika impungure, mahindi na maharage, na impungure ikilala inachacha, sikungoja giza, nikaweka sufuria kichwani nikapanda. Wakanipiga risasi, moja ikatoboa sufuria, nikaziba kwa kofia, nikafika. Huyo Gratien akaonja wa kwanza akasema, haina chumvi. Mama Kirezi, mimi hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikashuka mteremko ule ule kwenda kuchukua chumvi, risasi zinapita, nikapanda tena, nikamwambia haya, kula. Sasa hayo ndiyo mambo ya kumwandikia kamati, mambo ya maharage?

Jirani yangu Shafiq, muuza nyama, yuko tayari kunisainia ushahidi ingawa wakati wa vita alikuwa na miaka minne. Mimi naona nifanye hivyo, au wewe umpigie Trinah umweleweshe mila zetu, au nimwambie Médiatrice kwamba sherehe imeahirishwa. Kuandika mpishi, siandiki. Nijibu upesi, Ijumaa iko mlangoni.

Ni mimi Mutsinzi, radi, Kagarama.

Mama Kirezi anajibu:

Mzee wangu Mutsinzi, nimecheka. Uliniomba nisicheke, nikajitahidi mpaka kwenye kofia, basi, nikashindwa. Nisamehe, halafu unisikilize.

Shafiq mwache auze nyama. Mtoto wa miaka minne hakukuona popote, na siku mtakapobanwa atakayefutwa ni wewe, si yeye. Trinah simpigii. Mila zetu anazijua vizuri, ndiyo maana icyivugo chako amekisoma mbele ya ofisi nzima badala ya kukitupa. Icyivugo kina ruhusa ya kunywa mto, harusini hakuna anayedai shahidi. Fomu haina ruhusa hiyo, na wewe unalijua hilo tangu simu ilipolia.

Sasa vaa miwani, ile karatasi uliyoandika sharti uiweke mbele yako, tuisome wote. Kazi aliyopewa na jeshi: wewe jeshi lilikupa kazi gani? Kupika na kuwafikishia askari chakula. Mahali adui alipokuwa akimpiga risasi: hiyo sufuria ilitobolewa na panya? Na mwenzake akamwona: walikuona kumi na mmoja, tena mara mbili. Mimi nimetafuta neno bunduki katika sharti lote sijaliona. Mzee, umejaza kurasa nne za vitu ambavyo hukufanya, na ulichofanya umenieleza mimi kama mtu anayeshitaki jirani.

Mimi si kamati, siwezi kukuahidi nishani. Wanaweza kusema ndiyo, wanaweza kukuweka orodha nyingine. Lakini kwa karatasi ya kweli una haki ya kusimama mbele yao na kudai. Kwa ile ya uongo huna hata haki ya kuulizia.

Shahidi wako ni Gratien. Usikunje uso. Mtu anayekutania miaka thelathini juu ya siku moja ni mtu ambaye hajaisahau hiyo siku, na wewe umekuwa ukimkimbia ukutani. Kesho panda Gisozi. Usimpigie simu, nenda mwenyewe, kaa kwenye kitanda chochote alichokimaliza, umwambie unachotaka. Atakutania. Mwache amalize, halafu mpe kalamu.

Kabla ya Gisozi, mweleze Médiatrice. Mwanamume anayesimama mlangoni na kujua kwa pua kwamba maharage bado robo saa, unadhani mkewe amemchukulia kuwa nani miaka yote hii? Nenda ukamsikie atakavyokujibu. Na ukiwa hapo, ingia jikoni, umempa amri za mlangoni vya kutosha.

Ukirudi kutoka Gisozi, kaa mezani uandike kwa mkono wako mwenyewe, usimpe mtu akuandikie. Radi usiiweke, Byumba iweke. Mstari wa kwanza uandike: Nilikuwa mpishi. Najua ndio mzito kuliko yote, ndiyo maana nataka utangulie. Trinah akishaona mtu aliyeanza na hilo, atamwamini kwa kila kinachofuata, hata kwamba alifika juu salama, akashuka, akapanda tena.